Bonyeza Tena Tu

Mimi ni mmoja wa wale vijana wanaotunga mashairi mchana na programu za kompyuta usiku. Shairi likipwaya, wenzangu watanicheka, basi. Nilidhani programu nayo ni hivyo hivyo: ikigoma unazima, unawasha, maisha yanaendelea. Mpaka nilipoisoma habari ya Therac-25.

Hii ilikuwa mashine ya kutibu kansa kwa mionzi, iliyotengenezwa na AECL, shirika la serikali ya Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa 6 wa Kanada na Marekani walipigwa mionzi kupita kiasi. Baadhi yao walikufa.

Chukua mkasa wa Tyler, Texas, tarehe 21 Machi 1986. Mwendeshaji wa mashine alikuwa akiandika maagizo ya mgonjwa. Akakosea herufi moja: X ya eksirei badala ya E ya elektroni. Akarudi juu, akasahihisha chapuchapu, maana kazi alishaizoea. Kumbe sumaku za mashine zilihitaji kama sekunde 8 kujipanga, na sahihisho lililofanyika ndani ya muda huo programu haikulizingatia. Kioo kikaandika: hitilafu namba 54. Hitilafu gani? Kitabu cha mashine hakikueleza. Mashine yenyewe ilikuwa na mazoea ya kulalamika, kwa hiyo akabonyeza P, iendelee. Mgonjwa aliyeandikiwa rad 180 alikadiriwa baadaye kupata kati ya 16,500 na 25,000. Alikufa mwaka huo huo.

Mafundi waliikagua, hawakuona kosa. Tarehe 11 Aprili, mgonjwa mwingine: mashine ile ile, mwendeshaji yule yule, hitilafu ile ile. Naye akafa. Ndipo mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, alipokaa na mwendeshaji huyo wakarudia hatua zote mpaka wakaikamata siri: kasi ya vidole.

Lakini kilichoninyima usingizi ni hiki. Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na kosa hilo hilo katika programu yake. Haikuua mtu, kwa sababu ilikuwa na vizuizi vyake vya umeme: mambo yakienda kombo, fyuzi inakatika. Watu wakabadilisha fyuzi, wakaendelea na kazi. Therac-25 ilipotengenezwa, vizuizi hivyo viliondolewa, ulinzi huo ukaachiwa programu. Fyuzi ilikuwa ikisema siku zote, bwana, ila hakuna aliyeiuliza inasema nini.

Nami nikakumbuka langu. Niliwahi kuandikia duka moja programu ya madeni. Mara moja moja ilikwama, halafu inakubali. Mwenye duka akilalamika, namwambia, "Mama, bonyeza tena tu." Baada ya kusoma habari hii nilirudi dukani, nikakesha nayo. Nikakuta kila ikikwama na kubonyezwa tena, deni linaandikwa mara mbili. Mama yule alikuwa ameshakosana na jirani yake kwa deni lisilokuwepo.

Nilikwenda kwa jirani huyo kuomba radhi mwenyewe. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ilipokwama mara ya kwanza, hukusikia?"

Nilisikia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na wengine, ndugu zangu, ukuta uliwaangukia kabla haujajengwa upya.