Rangi ya baiskeli, madoa ya chui

Ukiwa Dar es Salaam, toka Mchafukoge, vuka Mnazi Mmoja uingie Kariakoo, kisha uulizie rangi ya mafuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Utapewa kopo la kupaka geti au baiskeli, na muuzaji hatakuuliza kama wewe ni msanii. Kwa rangi ya namna hiyo Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968. Turubai hakuwa nalo. Alitumia hadibodi, zile za kupigilia dari, zikikatwa miraba ya kama sentimita 60.

Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam na kufanya kazi za majumbani. Hayo yanajulikana.

Kinachogombewa mpaka leo ni alikoutoa uchoraji wake. Wapo wanaosema aliona picha za Wakongo zikiuzwa mjini, akajiambia hata yeye anaweza. Wengine wanarudi kwao kusini, kwenye michoro ya kuta za nyumba za Wamakua, wanadai mkono ulishazoea. Mimi naona wote wanawasahau wanyama wenyewe. Kijana wa Tunduru hakuhitaji tiketi ya mbugani ili amjue fisi, au kanga anayeparura shambani. Mtazame chui wake: kwanza ubao mzima unapakwa rangi moja, halafu unakuja mwili, halafu madoa, moja baada ya jingine, mpaka ngozi inaonekana kutetema. Nyasi ni chache, mlima haupo. Vivuli vinavyofifia taratibu havipo, kwa hiyo doa likabeba kazi yote.

Picha ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, na wageni walizinunua. Ndugu na vijana wa kwao wakaja kujifunza, miongoni mwao January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata.

Mwaka 1972 polisi walilifyatulia risasi gari alimokuwamo, wakidhani ni la wezi wanaokimbia. Alikuwa na miaka 40 hivi. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu, na kwa kosa la usiku mmoja nchi ikampoteza mtu ambaye jina lake lilikuja kuwa jina la mtindo mzima.

Wanafunzi wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Mwaka 2010 katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo zikarushwa Uingereza. Picha nyingi za Tingatinga mwenyewe zilishaondoka ndani ya masanduku ya wageni, na sijasikia kelele yoyote ya kuzirudisha. Sisi tumebaki kuwauzia watalii twiga, Kilimanjaro na jua linalozama kwenye ubao mmoja, na tunaiita hiyo tingatinga.