"Walijiunga" au "Walikamatwa"? Vita Vikuu vya Kwanza Katika Kiswahili cha Darasani

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Muhula mmoja nikisahihisha insha za Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa huku Tseikuru, nilikutana na sentensi iliyosema kwamba babu ya nyanyake mwandishi "alikamatwa kwenda vitani na Waingereza". Nilikata neno "alikamatwa" kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "alijiunga", kisha nikampunguzia alama ya msamiati. Siku ya kurudisha vitabu, msichana yule hakubishana. Alisema tu, "Mwalimu, nyanya husema hivyo hivyo. Husema walifungwa kamba."

Nilikata kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa. Wengi wetu tuliopitia mfumo wa 8-4-4 tunalijua jibu hilo kwa moyo: Kenya ilishiriki katika Vita Vikuu, Waafrika walijiunga na kikosi cha wachukuzi, walichangia ushindi, wakarejea wakiwa wameerevuka na kuanza kudai haki zao. Mwalimu wa historia ana kazi yake katika jibu hilo. Mimi nalitazama kama mwalimu wa lugha, maana naamini kasoro yake kubwa imo katika sarufi.

Tuanze na kiima. "Kenya ilishiriki" ni sentensi isiyo na kiima halali. Mwaka 1914 hapakuwa na nchi iliyoitwa Kenya. Palikuwa na Himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na jina la Koloni la Kenya lilikuja mwaka 1920, vita vikiwa vimekwisha. (Jina lenyewe lilipitia kwetu Kitui. Mwaka 1849 Krapf aliuona mlima akiwa huku, mgeni wa mfanyabiashara Kivoi, akaliandika kama alivyolisikia kwa Wakamba.) Vita vilikuwa vya Mwingereza na Mjerumani. Vilianza hapa Agosti 1914, Wajerumani wakaiteka Taveta mwezi huo huo, na vikaisha tarehe 25 Novemba 1918 pale von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Ulaya ilikuwa imenyamaza wiki mbili kabla.

Sasa kitenzi. Jeshi la Waingereza lilihitaji chakula, risasi na dawa katika nyika isiyo na barabara, ambamo mbung'o waliwaua punda, farasi na maksai. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mwanzoni walitafutwa watu wa kulipwa, na wapo walioenda kwa hiari. Hawakutosha. Sheria ya mwaka 1915 ikairuhusu serikali kuwaandikisha wanaume kwa lazima, machifu wakapewa idadi ya watu wa kutoa, na mwaka 1917 msako ukawa mkubwa zaidi chini ya John Ainsworth. Inakadiriwa kuwa Waingereza walitumia wachukuzi wapatao milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 100,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na unga wa mahindi usioiva ambao matumbo yao hayakuuzoea.

Kitenzi "jiunga" kina kiambishi "-ji-", cha mtu anayejitendea jambo. Ukikitumia kwa mtu aliyetolewa na chifu ili kutimiza idadi, umempa hiari aliyonyimwa. Twawafundisha wanafunzi kauli ya kutendwa na ya kutendeshwa kwa mifano ya chai iliyonywewa na mtoto aliyelishwa uji. Mbona hatutumii mfano huu? Wachukuzi walikamatwa, wakaandikishwa, wakabebeshwa. Nyanya yule, ambaye huenda hajawahi kusikia neno "kauli", alichagua iliyo sahihi.

Kiswahili chenyewe kimetunza kumbukumbu ambayo vitabu vimeipitia mbio. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi hicho cha wachukuzi, likitamkwa na waliotumikishwa ndani yake. Leo tunaenda pale kununua vyondo na nyama choma.

Palipo na sanamu za shaba za wanaume watatu katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, pana maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na hati za Kiarabu. Yanawataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwanafunzi wa fasihi na aisome sitiari hiyo taratibu: miguu ipo, mikono ipo, kichwa hakipo, na jina la mchukuzi hata mmoja halipo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika na Mashariki ya Kati, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Mishahara ya wengi waliofia porini nayo haikufika kwa jamaa zao, kwani Hazina ya London ilikataa kuitoa. Na waliorudi? Walikuta sheria ya kipande ikianza kutekelezwa, huku wanajeshi Wazungu wakigawiwa mashamba.

Vita vya Pili sivisomi vivyo hivyo, kwani wengi wa vijana waliokwenda "Keya" waliufuata mshahara kwa miguu yao wenyewe. Ila huku kwetu tulifunzwa kwamba Wakamba walijaa jeshini kwa kuwa ni wapiganaji kwa asili. Sifa hiyo tuliimeza kwa furaha. Hatukuelezwa kwa kirefu kwamba mwaka 1938 serikali ilikuwa ikiwanyang'anya watu wa Machakos ng'ombe wao kwa bei ya kutupa. Kwamba Muindi Mbingu aliwaongoza kwenda Nairobi kulalamika, akahamishiwa Lamu. Na kwamba serikali ililegeza kamba, kwa sehemu, kwa sababu iliwategemea Wakamba jeshini. Mtu asiye na ng'ombe wala mvua huenda mahali penye mshahara. Huo ni uchumi, si asili.

Hapa fasihi yetu ina kazi iliyosahauliwa. Shaaban Robert alitunga *Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945*, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Upande wake ni wa Waingereza na wenzao dhidi ya Hitler. Napendekeza mwalimu aanze na anwani tu na kuuliza: uhuru wa nani? Wapo watakaosema mshairi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na akasema yaliyotarajiwa. Mimi nadhani jibu hilo ni jepesi mno. Kuchukia ufashisti hakukuhitaji ruhusa ya gavana, na mtu aliyeliandika neno "uhuru" katika anwani akiwa mtawaliwa hakuwa haoni kinachomzunguka. Lakini wanafunzi wangu wamegawanyika, na mjadala wao hupita kengele.

Mtahiniwa ataniuliza kama akiandika "walikamatwa" atapata alama. Katika insha, atapata, mradi aonyeshe ni nani aliyekamata na kwa sheria gani. Katika karatasi ya historia, taja hoja zinazotarajiwa, kisha ongeza sheria ya mwaka 1915; hakuna mtahini atakayekukata kwa kujua zaidi. Ama msichana yule, nilimrudishia alama yake, na neno lake nikaliandika upya juu ya langu.