Togwa, Kimea na Machicha: Historia ya Kupima Pombe ya Nafaka katika Mwambao wa Rumonge

Mwezi Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walisafiri kwa mitumbwi kutoka Ujiji kuelekea kaskazini, wakiambaa mwambao wa Warundi. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton alieleza pombe ya nafaka ya bara: nusu ya nafaka huoteshwa na kutwangwa, huchanganywa na unga wa nusu nyingine, huchemshwa mara mbili au tatu katika vyungu vikubwa, kisha huchujwa. Maelezo hayo ni ya bara kwa jumla, si ya mwambao huo peke yake. Lakini uwiano wa nusu kwa nusu unastahili kuzingatiwa na wanahistoria kuliko ulivyozingatiwa.

Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Unga mbichi huongeza wanga bila kuongeza vimeng'enya. Ugumu ni kwamba wanga wa mtama hulainika kwenye joto la takriban nyuzi 70 na zaidi, ilhali ule wa shayiri hulainika chini ya hapo. Joto linalofungua wanga wa mtama laelekea kuua baadhi ya vimeng'enya vyenyewe. Chungu kikubwa cha udongo hupanda joto polepole, na yamkini ndicho kilichovipa vimeng'enya muda wa kufanya kazi kabla ya mchemko, jambo ambalo Burton hakuliona.

Kirundi huita pombe ya mtama impeke. Kiswahili kina neno la hatua iliyotangulia: togwa, kinywaji kitamu ambacho bado hakijachacha. Waislamu, ambao ndio waliotia mizizi ya Kiswahili katika mji wa Rumonge, kwa kawaida hawanywi pombe. Lugha yao hata hivyo imehifadhi togwa, kimea na machicha, yaani karibu msamiati wote unaohitajika.

Kipimo cha namba kilikuja baadaye. Kiwanda cha bia kilianzishwa Usumbura mwaka 1955, chini ya utawala wa Ubelgiji uliotumia Kifaransa. Togwa ya digrii 12 za Plato ina gramu 12 za vitu vilivyoyeyuka, hasa sukari, katika kila gramu 100. Haidromita haisomi vema uji mzito: togwa sharti ichujwe na kupozwa kwanza.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na miongozo ya Kiswahili kwa wapishi wadogo wa pombe yaweza kuandikwa wakati wowote. Mwongozo utakaotafsiri maelekezo ya shayiri, wenye nyuzi 65 tu, utawafanya watupe chakula pamoja na machicha. Afadhali uanze na agizo linaloeleweka Rumonge: uji wa mtama uchemshwe, upozwe, ndipo kimea kitiwe, kisha tone la iodini lidondoshwe kwenye togwa kidogo iliyopoa. Ikigeuka buluu iliyokolea, wanga bado haujawa sukari, na togwa haijawa tayari kuchujwa.