Kiti Kilichotengenezwa kwa Bunduki

Vita vya Msumbiji kati ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO vilianza mwaka 1977, miaka 2 tu baada ya uhuru. Viliisha Oktoba 1992 kwa mkataba uliosainiwa Roma. Inakadiriwa watu karibu milioni 1 walikufa. Wengine zaidi ya milioni 1 walikimbilia Malawi peke yake, wakaishi kambini kama sisi. Baada ya mkataba wakimbizi wakaanza kurudi, lakini silaha bado zilikuwepo, nyingine zimefukiwa ardhini, nyingine zimefichwa majumbani.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, pamoja na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, likaanzisha mradi wa kugeuza silaha kuwa majembe. Utaratibu ulikuwa huu: leta bunduki, upewe kitu cha kazi. Watu walipata majembe, cherehani, baiskeli, vifaa vya kujengea. Kuna kijiji kilichotoa silaha zake zote kikapewa trekta. Bendera ya Msumbiji mpaka leo ina bunduki na jembe vimepishana juu ya kitabu. Mradi ule uliwaambia watu: shika jembe, bunduki tuachie sisi.

Silaha zilikatwa zisitumike tena, na vipande vingine vikapelekwa kwa wasanii wa Núcleo de Arte, Maputo. Mwaka 2001 mmoja wao, Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, alichomelea vipande akatengeneza kiti. Ni kiti kweli, kina miguu, mikono na mgongo, mtu anaweza kukikalia. Kinaitwa Kiti cha Enzi cha Silaha, na sasa kiko British Museum, London.

Ukikiangalia vizuri, kinasema mengi. Mgongo wake ni bunduki 2 za G3 zilizotoka kwa Wareno. Vipande vingine vilitoka Umoja wa Kisovieti, Poland, Czechoslovakia na Korea Kaskazini. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa Msumbiji. Lakini waliozikwa ni wa Msumbiji. Halafu eti ni kiti cha enzi! Basi mtu anajiuliza, nani alikuwa anapigania kukikalia?

Mimi nafanya kazi na vijana. Wananiuliza sanaa inasaidia nini wakati mgao umepungua. Nawaonyesha majiko yanayotengenezwa hapa kwa makopo ya mafuta ya msaada. Jiko linapika ugali, na ubavuni bado lina maandishi ya nchi iliyotoa mafuta. Linafanya kazi, na papo hapo linaeleza maisha yetu. Kester alifanya hivyohivyo kwa chuma cha vita.

Ila kiti ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ile cherehani iliyobaki kijijini. Semina za amani tumekaa nyingi, mtu anatoka na soda na cheti. Sisemi hazina faida. Ila kijana aliyekuwa anakula kwa bunduki, ukimwambia aiache tu, umemwambia alale njaa.

Siku tutakayorudi kwetu, bunduki tutazikuta. Kwa hiyo wenzetu wa mashirika mnaopanga habari za kurudi, tunawauliza mapema: atakayeitoa yake, atapewa nini mkononi?