NENO LA WIKI: KITUNDU

Maabara zimetuletea jambo linalohitaji jina la Kiswahili: upenyo wenye kipenyo cha nanometa chache, unaotobolewa kwenye utando mwembamba wa silikoni nitridi. Wapo wanaouita kinyweleo. Mimi nashika kitundu-nano. Kinyweleo ni cha ngozi, huota chenyewe. Upenyo huu hutobolewa na binadamu. Wala si shimo, maana shimo lina kina na chini, ilhali tundu la sindano hupitisha uzi upande wa pili. Na hapa uzi ndio wenyewe: DNA, yenye upana wa nanometa 2 hivi.

Mwaka 2001 watafiti wa Harvard walichonga vitundu hivyo kwa miale ya ayoni. Mwaka 2014 wenzao wa Ottawa, Kanada, walionyesha kwamba volti pekee, ikiongezwa kwa uangalifu ndani ya maji ya chumvi, hutoboa utando. Molekuli ikipita kitunduni, mkondo wa umeme unaopita humo hupungua, kama lori pana linavyobana njia mpakani Tunduma. Kwa upungufu huo molekuli hutambulika.

Jambo hili linatuhusu. Watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda wametambua virusi vya mihogo kwa kifaa cha mkononi chenye vitundu vya protini, ndugu wa hivi vya silikoni. Mwalimu wa sayansi anastahili kulifundisha kwa Kiswahili. Tuseme kitundu-nano, wingi vitundu-nano, na tukiandike vitabuni.