Unatafuta kitabu chepesi cha kukupumzisha? Anza na hivi sita vya Kiswahili

Makala haya ni kwa ajili yako unayeishi katika makazi ya wakimbizi au katika kijiji jirani, na unayetaka kusoma kitu cha Kiswahili ili upumzike, si ili ufanye mtihani. Tumechagua vitabu sita ambavyo si vinene na vinavyosomeka haraka. Vingi vinachekesha, vingine vinakuchukua tu mbali na mawazo ya mchana. Kwa kila kimoja tunakueleza kinahusu nini, kinamfaa nani, na kama kuna jambo ndani yake linaloweza kukuumiza. Onyo hilo ni muhimu. Mtu aliyekimbia risasi hapaswi kukutana nazo tena kitandani bila kuambiwa.

Je, ni vibaya kucheka wakati wa matatizo?

Hapana. Wapo wanaoona kwamba kucheka ni kuwasahau waliofariki au waliobaki nyuma. Lakini kumbuka desturi ya utani huko Tanzania. Msibani kwenyewe watani hufika, wakamwigiza marehemu, wakadai vitu vya ajabu, na wafiwa wakacheka huku machozi hayajakauka. Hakuna anayesema wamemsahau marehemu. Wanawasaidia wafiwa kupumua. Kitabu cha kuchekesha kinaweza kukusaidia hivyo hivyo jioni, ukishamaliza foleni ya maji na foleni ya mgao.

Vitabu sita vya kuanza navyo

1. Hekaya za Abunuwas

Kama una dakika kumi tu, anza hapa. Ni mkusanyiko wa visa vifupi vya mjanja wa Baghdad anayewashinda matajiri na hata sultani kwa maneno matupu. Kisa kinachojulikana sana ni cha sufuria. Abunuwas anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na kisufuria kidogo, anasema, "Sufuria yako imezaa." Jirani anapokea kwa furaha. Safari ya pili Abunuwas anaazima tena, lakini harudishi kitu. Akiulizwa, anajibu kwamba sufuria imefariki. Jirani anapopinga, anaulizwa: uliamini vipi kwamba imezaa?

Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi aliyeishi zaidi ya miaka 1200 iliyopita. Huyu wa hekaya ni mali ya wasimulizi.

*Kinamfaa:* kila mtu, hata mtoto wa shule ya msingi na mtu anayejifunza kusoma ukubwani.
*Tahadhari:* hakuna kubwa.

2. Adili na Nduguze, Shaaban Robert (1952)

Kitabu chembamba chenye wafalme, majini na safari za baharini. Adili ni mtu mwema anayependwa na watu, lakini kila usiku anawachapa manyani wawili, na anafanya hivyo kwa uchungu. Kwa nini? Ukishajiuliza swali hilo hutalala kabla ya kupata jibu.

*Kinamfaa:* anayependa hadithi za kale zenye maajabu.
*Tahadhari:* kina wivu na usaliti wa ndugu kwa ndugu. Kiswahili chake ni kizuri ila cha zamani, hivyo soma polepole.

3. Visa vya Bwana Msa, Muhammed Said Abdulla

Mwandishi huyu Mzanzibari alimwumba Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, anayefumbua mafumbo kwa kuuliza maswali na kufikiri. Pembeni yake yupo rafiki yake Najum, ambaye hukisia na kukosea, na msomaji hukosea pamoja naye. Anza na *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) au *Kisima cha Giningi* (1968). Raha yake ni kubishana: kila mtu nyumbani ataje anayemshuku kabla Bwana Msa hajasema.

*Kinamfaa:* wanaopenda fumbo na mabishano.
*Tahadhari:* kuna vifo, kwa kuwa ni hadithi za upelelezi. Hata hivyo, kazi kubwa hufanywa na akili, si na bunduki.

4. Mwana Mdogo wa Mfalme, Antoine de Saint-Exupéry

Kama ulisoma shule kwa Kifaransa, huenda ulikutana nacho kwa jina la *Le Petit Prince*, kilichotoka mwaka 1943. Tafsiri ya Kiswahili ilichapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Mtoto kutoka sayari ndogo anatembelea sayari nyingine na kukuta watu wazima wa kuchekesha: mfalme asiye na raia wa kumtawala, na mfanyabiashara anayehesabu nyota akidai ni zake. Utawatambua. Kila ofisi ina mmoja wao.

*Kinamfaa:* mzazi na mtoto wanaosoma pamoja, na anayetaka kulinganisha Kifaransa na Kiswahili.
*Tahadhari:* mwisho wake una huzuni ya kuagana. Ukisoma na mtoto aliyetengana na wazazi, soma peke yako kwanza.

5. Masaibu ya Ndugu Jero, Wole Soyinka

Hii si riwaya, ni tamthilia fupi, na unaweza kuimaliza kwa jioni moja. Ndugu Jero ni nabii wa ufukweni mjini Lagos anayewapenda waumini kama mchuuzi anavyowapenda wateja. Asubuhi moja mwanamke anayemdai pesa anaketi mlangoni pake na kukataa kuondoka, na nabii analazimika kutafuta njia nyingine ya kutokea. Soyinka, mwandishi wa Nigeria, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1986.

*Kinamfaa:* kikundi cha vijana wanaopenda kuigiza.
*Tahadhari:* mhusika mmoja anatafuta ruhusa ya kumpiga mkewe. Mwandishi anamcheka mwanamume huyo, lakini msiache jambo hilo lipite bila kulizungumzia. Pia tamthilia inawacheka manabii wa uongo, haiichezei imani ya mtu.

6. Siku Njema, Ken Walibora (1996)

Kijana Kongowea anatoka Tanga, Tanzania, kwenda kumtafuta baba yake hadi Kapenguria, Kenya. Anafika mpakani, analala njaa, anadanganywa, anasaidiwa na watu asiowajua. Hiki hakichekeshi kama Abunuwas, lakini kinasomeka haraka kuliko vingine kwa sababu utataka kujua kama atafika. Wakenya wengi walikisoma shuleni.

*Kinamfaa:* anayetaka hadithi ya safari yenye matumaini.
*Tahadhari:* mama wa kijana anafariki mapema, na mtoto anateswa na walezi. Kama jeraha hilo bado ni bichi kwako, anza na kitabu kingine.

Vitabu vya kuacha kwa sasa

Vitabu hivi ni vizuri, lakini si vya kupumzikia. Usidanganywe na wembamba wake.

- *Shamba la Wanyama*, riwaya ya George Orwell iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere (1967). Inaanza kwa vichekesho vya nguruwe na farasi, kisha yanakuja mauaji na watu wa karibu kusalitiana. Msomaji aliyeishi chini ya viongozi wa namna hiyo hatacheka.
- *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971). Ni fupi na inashika, lakini ina ukatili wa baba kwa binti na mtu kujiua.
- *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba (1974). Mpelelezi wake, Willy Gamba, ni maarufu sana na mambo yanakwenda mbio, lakini kuna risasi na mauaji. Kama huota ndoto mbaya, isome mchana, au iache.

Kiswahili changu ni cha Kongo. Je, nitaelewa?

Ndiyo, ingawa mwanzoni utakwama. Huenda nyumbani mnasema "buku" na hapa unakuta "kitabu". Anza na Abunuwas, kisha *Siku Njema*. Shaaban Robert na Bwana Msa wafuate baadaye. Ukikuta neno usilolijua, endelea kusoma. Mara nyingi sentensi ya pili itakufungulia. Likirudi mara ya tatu, liandike, kisha muulize jirani Mtanzania au mwalimu. Soma kwa sauti pia, maana sikio hutambua maneno ambayo jicho limeyakosa.

Kitabu ni kimoja, na sisi ni wengi. Tufanyeje?

1. Chagueni msomaji mmoja kwa kila jioni, na mbadilishane. Asiyejua kusoma apewe kazi ya kueleza tulipoishia jana.
2. Someni kidogo, kama kurasa kumi, na mkomee mahali patamu ili watu warudi.
3. Someni mapema, kabla ya giza, ili wasichana na wazee warudi nyumbani salama.
4. Waalikeni wenyeji. Msomaji anaweza kusimama kila ukurasa ili mtu atafsiri kwa lugha ya eneo hilo.
5. Mtu akinyanyuka na kuondoka katikati ya hadithi, msimzuie na msimcheke. Mmoja amfuate baadaye, amjulie hali.

Nitavipata wapi?

Uliza kwanza kwenye maktaba ya jamii, kituo cha vijana au shule ya sekondari iliyo karibu. Walimu wa Kiswahili mara nyingi wana nakala zao. Mtu anayesafiri kwenda mjini anaweza kukuulizia kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba. Mwandikie jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi.

Kwa watoto, tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za picha bila malipo, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Unaweza kuzipakua mahali penye intaneti na kuzisoma baadaye bila bando.

Jihadhari na ujumbe wa simu unaoahidi vitabu vya bure kisha ukakuomba namba ya kadi ya mgao au namba ya siri ya pesa za simu. Kusoma hadithi hakuhitaji namba hizo. Usizitoe.

Kama kitabu hakitoshi

Kitabu ni mapumziko, si matibabu. Ikiwa kwa wiki kadhaa hulali, huli, unashtuka kila mlango unapogongwa, au unawaza kujidhuru, nenda kituo cha afya au zungumza na mhudumu wa afya wa kijiji chako. Ukimwona jirani katika hali hiyo, msindikize. Usimwache aende peke yake.

Kwa wengine wote: tafuta Abunuwas, soma kisa cha sufuria leo jioni, na kesho uangalie ni nani atakayekuja kukuazima sufuria.