Ndevu na wembe: makosa ya kidevu yalitoka wapi?

Popote familia zilizokimbia vita zinapofikia, kati ya kazi za kwanza kuanza ni ile ya kinyozi. Kiti cha plastiki, kipande cha kioo kilichofungwa kwenye mti, turubali juu ya kichwa na wembe, basi kazi imeanza. Mwenye bahati ana mashine ya kunyolea na betri inayochajiwa kwa sola. Kwafere, kama wengi wanavyomwita mashariki ya Congo, haulizi kama mteja ametoka Masisi, Rutshuru ao Kalehe. Anauliza swali moja tu: "Tutoe zote, ao tuache kidogo?"

Wengi wanajibu haraka: "Toa zote." Kisha siku mbili ao tatu zinapita, na kidevu kinajaa vipele. Shingo inawasha. Wengine wanabaki na madoa meusi miaka na miaka. Mteja analaumu kwafere, kwafere analaumu wembe, na wote wawili wanarudia kosa lile lile wiki inayofuata.

Kosa hilo halikuzaliwa kambini wala katika salon za muji. Lina historia, na kuijua kunasaidia kuliacha.

Wazee wa zamani na ndevu fupi

Kabla ya nyembe za dukani kufika, wahunzi wa inchi hii walifua nyembe za chuma. Namna watu walivyopenda ndevu zikae inaonekana bado katika sanamu za miti. Wahemba, ambao wanapatikana upande wa Kongolo katika jimbo la Tanganyika, walichonga sanamu za mababu zinazoitwa singiti. Nyingi kati ya hizo ziko leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ukizitazama, utaona mzee mwenye uso mtulivu, na ndevu zinazofuata mstari wa taya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndevu hizo ni fupi na zimepangwa.

Kwa mchongaji wa Kihemba, mzee mwenye heshima hakuwa na kidevu kitupu, na hakuwa na kichaka usoni pia. Ndevu zilionyesha umri na mamlaka, na mpangilio wake ulionyesha mtu anayejitunza.

Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilifika Maniema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Nyangwe na Kasongo zikawa vituo vikubwa. Mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote, Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, anaonekana katika picha za wakati ule akiwa na ndevu zilizopunguzwa vizuri. Desturi ya Kiislamu inasema ndevu ziachwe na masharubu yapunguzwe, na jamii za Kiislamu za Kasongo na Kindu zimeishika desturi hiyo toka wakati ule. Misafara ilileta mateso makubwa kwa watu wa Maniema, na pamoja nayo ilileta lugha hii ya Kiswahili ambayo leo inasikika katika redio toka Bunia hadi Lubumbashi.

Mwaka 1879 mapadri wa kwanza wa shirika la Pères Blancs walifika kwenye ziwa Tanganyika. Watu waliwatambua kwa kanzu nyeupe na kwa ndevu ndefu. Huko Brussels, mfalme Léopold II, ambaye alijifanya mwenye inchi hii toka 1885 bila kukanyaga udongo wake hata siku moja, alikuwa na ndevu nyeupe zilizofika kifuani. Kwa hiyo mkubwa wa wakati ule, awe mzee wa kijiji, mfanyabiashara wa pwani, padri ao mfalme wa mbali, alikuwa mtu wa ndevu.

Wembe unabadilika

Mageuzi yalitoka kiwandani. Mwaka 1904, Mmarekani aitwaye King Camp Gillette alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa wembe mwembamba unaotumiwa na kutupwa, unaoshikwa ndani ya kifaa kinacholinda ngozi. Kabla ya hapo, kunyoa karibu na ngozi kulihitaji wembe mrefu wa kukunjwa, jiwe la kunolea na mkono uliozoea. Sasa mtu yeyote aliweza kujinyoa mwenyewe kila asubuhi.

Kisha vita vikaja. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na muji wa Ypres huko Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliachilia gesi ya klorini juu ya mahandaki. Kuanzia hapo askari walihitaji vinyago vya kuzuia gesi, na kinyago hakishiki vizuri usoni penye ndevu nyingi. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, jeshi lake liligawa nyembe za Gillette kwa askari kwa mamilioni. Waliporudi nyumbani walikuwa wamezoea kunyoa kila siku. Kidevu kitupu kikawa alama ya askari mwema, na baadaye alama ya mfanyakazi wa ofisi.

Mwaka 1971 kampuni hiyo hiyo ilianza kuuza wembe wa makali mawili, moja nyuma ya lingine. Kali la kwanza linavuta unywele juu, la pili linaukata, na kisiki kinarudi chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, kidevu kinakuwa laini siku nzima. Wembe huo ulifuata kanuni ya kunyoa ambayo kwa nywele zilizojikunja ni taabu.

Kwa nini vipele vinatoka

Unywele uliojikunja unatoka katika shina lililopinda. Ukikatwa sana, unabaki na ncha kali kama ya mkuki. Unapoota tena hauendi mbele moja kwa moja. Unajipinda na kuchoma ngozi kutoka nje, ao unashindwa kutoka na kuotea ndani. Mwili unaupokea kama mwiba. Panavimba, panauma, pengine panatoa usaha. Kipele kikipona kinaacha doa jeusi, na kwa watu wengine kinaacha kovu nene lililoinuka.

Kwa hiyo vipele hivyo si uchafu na si dalili ya ugonjwa wa aibu, kama wengine wanavyosema kwa kunong'ona. Ni unywele uliokatwa chini kupita kiasi.

Wanaume weusi wa Marekani walilipa bei ya jambo hilo kabla ya kusikilizwa. Katika jeshi, sheria ilitaka kidevu kitupu, na waliopata vipele walionekana kama wakaidi. Polepole madaktari wa jeshi walianza kuwaandikia ruhusa ya kuacha ndevu fupi sana. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa huko iliamua kesi ya mfanyakazi mweusi aliyefukuzwa na mkahawa wa kuuza piza kwa sababu hakuweza kunyoa ndevu zote. Mahakama iliona kwamba sheria ya kukataza kila aina ya ndevu iliwaumiza wanaume weusi kuliko wengine, kwa sababu ya vipele hivyo, na kwamba mwajiri hakuonyesha sababu ya kutosha ya kuishikilia.

Kidevu cha Lumumba

Huku Congo, picha za ndevu zinazojulikana kuliko zote ni za Patrice Lumumba. Alizaliwa Onalua, Sankuru, mwaka 1925, na alifanya kazi ya posta Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Yeye alikuwa kati ya wale walioitwa évolués. Kuanzia 1952, Mkongomani aliyetaka kuhesabiwa karibu na Mzungu mbele ya sheria aliomba kuandikishwa, na tume iliweza kufika hadi nyumbani kukagua namna anavyoishi. Kila kitu cha mtu kilitazamwa na jicho la mwingine.

Katika picha zake za mwaka 1960, Lumumba ana miwani, mstari ulionyolewa katika nywele, masharubu membamba na ndevu kidogo chini ya kidevu. Mashavu yamenyolewa, lakini kidevu hakikuachwa kitupu. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na baadaye mwili wake ulifukuliwa na kuharibiwa. Jino moja tu lilirudishwa na Ubelgiji mwezi wa Juni 2022. Uso wake ulibaki katika picha, katika michoro ya wachoraji wa inchi na katika vioo vya vinyozi, kwa sababu hadi leo kuna vijana wanaoomba wanyolewe kama yeye.

Hapo ndipo kuna kosa la pili ambalo makwafere wanalijua vizuri: kuomba ndevu za mtu mwingine. Ndevu za Lumumba zilifaa uso wake mrefu na mwembamba. Zikiwekwa juu ya uso wa mviringo, ao wa kijana ambaye ndevu zake hazijajaa, hazitoi picha ile ile. Kila wiki mstari unasogezwa kidogo ili ufanane, hadi unabaki uzi.

Wembe mmoja, vichwa kumi

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, na linakuja na umaskini. Wembe mmoja unapita kwa watu wengi kwa sababu hakuna pesa ya kununua mwingine.

Virusi vya hepatiti B, ugonjwa wa ini, vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 ao zaidi. Tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha. Virusi vya ukimwi havivumilii hivyo nje ya mwili, lakini wembe wenye damu mbichi hauaminiki hata kidogo. Na mwezi wa Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox kuwa dharura ya dunia, mashariki ya Congo ilikuwa kati ya maeneo yaliyoguswa sana. Ugonjwa huo unapita kwa kugusana ngozi, na pia kwa vitu kama taulo iliyomgusa mgonjwa.

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini si wageni katika mambo ya usafi. Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, ndoo za maji ya klorini zilikuwa mbele ya kila mulango. Elimu ile ile inafaa mbele ya kiti cha kwafere.

Namna ya kuepuka makosa haya

Kwanza, mwenye nywele zilizojikunja na anayepata vipele asitoe zote. Aache milimita moja ao mbili kwa mashine. Hilo peke yake linamaliza taabu ya wengi.

Pili, ngozi ilainishwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, dakika chache. Kunyoa kavu kunachubua.

Tatu, wembe ufuate upande ambao nywele zinaota. Anayetaka kujua upande huo apitishe kidole shingoni: palipo laini ndiyo njia, panapokwaruza ni kinyume. Asivute ngozi, wala asirudie pahali pamoja mara nyingi.

Nne, mstari wa shingo usipandishwe hadi kwenye mfupa wa taya. Weka vidole viwili juu ya kikoromeo. Mstari upite hapo. Ukipandishwa sana, mtu akifungua kinywa ao akigeuka, ndevu zinaonekana kama zimebandikwa.

Tano, vipele vikiwa vimetoka, wembe upumzike wiki tatu ao ine. Visitumbuliwe kwa kucha ao sindano. Vikiwa na usaha mwingi, ao makovu yakianza kuinuka, ni kazi ya muuguzi.

Sita, kila mtu aje na wembe wake, na baada ya kazi utupwe mbali na watoto. Mashine ipanguswe nywele, kisha makali yasafishwe kwa alkoli ya asilimia 70 kati ya mteja na mteja. Maji ya javeli yanaua virusi, lakini yanakula chuma haraka. Mwenye vidonda ao vipele visivyojulikana asinyolewe siku hiyo, aelekezwe kituo cha afya.

Kwa baba aliyepoteza shamba na nyumba, kunyolewa ni siku moja ya kujiona tena kama mtu katika kioo. Ndiyo maana foleni ya kwafere haikosi watu hata pale chakula kinapokosekana. Bei ya wembe mpya ni ndogo kuliko ya dawa ya ini. Na kwafere akiuliza tena, "Tutoe zote, ao tuache kidogo?", mwenye kidevu cha vipele anaweza kujibu bila haya kama mzee katika sanamu ya Wahemba: aachiwe kidogo, na zipangwe vizuri.